Sungura Si Kitoweo

Dada Rehema, shikamoo.

Nimefika Tabora na sungura wangu, niliyemchanja kwa miezi mitatu ili damu yake itengeneze kingamwili za kutambua kimeng'enya kinacholegeza kuta za seli za embe linapoiva. Mwenyeji wangu wa Cheyo, Mzee Ramadhani, alimpokea kwa furaha: "Mgeni mwenye adabu huja na kitoweo!" Baadaye nilimkuta ameshika kisu, ameelekea kibla. Nikapiga kelele kwamba naihitaji damu yake.

"Basi hatuna ugomvi, Mwalimu. Damu kwetu haramu, chukua yote. Nyama tuachie."

Hoja haikuwa na kasoro, ila damu ya mwezi ujao hutolewa na sungura aliye hai. Jioni tulikula mchicha sote watatu, sungura akipakuliwa kwanza.

Mungu akutunze, dada yangu.

Mdogo wako, Salim