Gereza la Redioni na Ukuta wa Baba Mkwe

Mbalizi, Jumapili, Julai 1976. Baridi imekaza tangu asubuhi, lakini moyo wangu umetulia.

Mchezo wa redio wa gerezani una makosa mengi. Mimi sijawahi kufika gerezani, ila baba mkwe alikuwa askari magereza hadi alipostaafu, na kila Jumapili jioni makosa hayo yanamtoa povu. "Ati mfungwa anabisha hodi! Anambishia nani?" Wiki iliyopita bwana jela wa redioni alilia, baba mkwe akacheka mpaka akakohoa.

Mimi husikilizia jikoni, upande wa pili wa ukuta. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, wala hamtazami. Basi tunasikiliza pamoja bila kuonana, mimi na ndizi zangu motoni. Nikicheka, naziba mdomo kwa khanga.

Naupenda mchezo ule na kasoro zake zote. Tangu uanze, wanawake sokoni wanawataja wafungwa wao kwa majina. Zamani ungedhani Mbalizi nzima haina mwenye ndugu aliyefungwa.

Mimi ninaye.

Kaka yangu Ambakisye amefungwa Iringa, huu mwaka wa pili. Aliuza mbolea ya kijiji, hakusingiziwa. Sijaenda kumwona hata mara moja. Niliogopa kuomba ruhusa katika nyumba ya mtu aliyefanya kazi ya kuwafungia milango watu kama yeye, nikajifanya sina kaka. Naona haya hata kuandika.

Leo mchezoni ilikuwa siku ya wageni. Wafungwa waliitwa mmoja mmoja, akabaki kijana mmoja, amevaa shati alilolifua kwa ajili ya siku hiyo. Hakuna aliyekuja kumwona. Nikangoja baba mkwe aanze kulalamika. Badala yake redio ikazimwa kabla mchezo haujaisha.

Nikajua amekasirika, na kwamba mchezo wetu umekwisha.

Baadaye mume wangu akaja jikoni, uso wa mtu aliyetumwa. "Baba anasema hilo la shati ni kweli, amewaona wengi. Anasema wiki hii uende Iringa ukamwone kaka yako. Usibebe chakula, hakitapita getini. Beba sabuni."

Kumbe alikuwa akijua siku zote.

"Mwambie baba, ndaga fijo," nikasema, nikapandisha sauti kidogo.

Ng'ambo ya ukuta mtu akaguna. Mume wangu akacheka. "Asante yako imeshafika, mama. Mimi nifanye kazi gani tena?"

Nimelia kidogo, kilio cha raha. Kesho nitanunua sabuni, Jumanne alfajiri nipande basi. Njia ni ndefu, nitapata muda wa kufikiri. Nikimwona Ambakisye nianze na salamu, au nianze na kumwomba radhi?