Klorini ya Wateja

Dada Jovitha, shikamoo.

Ndizi zilifika salama, asante. Naandika kwa karatasi kwa sababu siku hizi simu yangu anakaa nayo mume wangu, Elimringi.

Tangu Jangwani ifurike, maji ya ghorofa letu yana ukijani na harufu, na watu wanajazana dukani kwetu kununua klorini. Nilipotaka kuitia kwenye tenki letu, Elimringi alinishika mkono.

"Hiyo ni ya wateja. Sisi tuchemshe."

Sikuelewa, mpaka Zarna, binti wa jirani yetu Rekha, alipolazwa kwa kuhara. Nilifungua kopo moja la hiyo klorini nikanusa. Ni chokaa tupu.

Jana nilienda kumpa pole Rekha.

"Kwangu natia dawa yenu kila siku," alisema. "Ninyi mnatia kiasi gani, mbona hamuugui?"

"Sisi hatutii, mama Zarna. Tunachemsha."

Alichukua kopo lake, akaenda nalo dukani kwa Elimringi.

Leo Elimringi hajafungua duka. Amekaa sebuleni, ufunguo wa mlango uko mfukoni mwake. Barua hii nampa Rekha kupitia dirisha la jikoni. Ukiipata, mtume kaka Onesphory aje. Asipige simu kwanza.

Mdogo wako,
Severa