Hodi Isiyosikika

Jumatano, 1 Juni 1994. Makambako
Kidonge. Chai. Moto. Maharage yalilala majini, nimeyabandika. Wiki ya saba tangu daktari aliondoe rovu langu, ule uvimbe wa shingoni, na sauti bado haijarudi. Natoa upepo tu. Zamani nikiita "Ugali nyama!" malori yote ya njia panda yanasikia, mgahawa unajaa. Leo dereva mmoja aliniinamia, naye akaninong'oneza: "Mama, wali upo?" Ananong'ona nini? Niliyekatwa ni mimi, si yeye. Wote wako hivyo. Au wananong'ona, au wananipigia kelele kama kiziwi. Nimewachoka.

Ijumaa, 3 Juni
Nilikwenda kuazima ungo kwa Mama Zuhura, jirani yangu anayeuza mitumba. Nikapiga hodi. Upepo tu. Nikasogea mlangoni, nikasimama. Alipogeuka aliruka, kanga ikamdondoka, akamtaja Mungu wake. Halafu tukacheka. Yeye alicheka zaidi. Anayesimama mlangoni kwa watu bila hodi ni mwizi au mchawi, kila mtu anajua. Sasa na mimi nimo. Nimerudi na ungo na hasira.

Jumanne, 7 Juni. Njombe
Kliniki. Baridi ya kukata masikio. Foleni ndefu. Daktari akanichungulia kooni kwa kioo kidogo, akasema mshipa wa sauti "umeguswa kidogo". Umeguswa! Na nani, na mpita njia? Eti tusubiri. Yeye anasubiri akiwa na sauti yake. Kabla ya kunikata alinieleza habari za kovu, akanitania kwamba mkufu utalificha. Habari ya sauti hakuigusa. Nilitaka kumwambia yote haya. Ukatoka upepo. Akaangalia saa.

Namchukia. Najua rovu lilikuwa linanikaba, najua nilikuwa nalala nimekaa. Bado namchukia.

Alhamisi, 9 Juni. Makambako
Festo ametuma ujumbe kwa dereva wa viazi. Ni mdogo wangu, ndiye anayekaa na mama kule Kichiwa. Mama ananiulizia kila siku, lakini nisiende mpaka sauti irudi. Mama haoni tena, na hajaambiwa kama nimekatwa. Wamemdanganya niko safari ya biashara. Nani kawatuma? Na sauti isiporudi, nikamsalimie kaburini? Mama ni wangu pia. Kesho kutwa nakwenda, wapende wasipende.

Jumamosi, 11 Juni. Kichiwa
Ningejua nisingekuja.

Mama alikuwa peke yake jikoni, anaota moto. Nikapiga hodi. Nikamsalimu, kamwene. Hakusikia. Nikamshika bega. Akapiga yowe, akanitandika ukuni wa mkono. Majirani wakajaa. Festo akaja mbio kutoka shambani: "Mama, ni Twilumba huyu!" Mama akanipapasa shingo, upande huu na upande huu. Akarudisha mkono wake.

"Mwanangu ana rovu," akasema. "Mwanangu ana sauti. Huyu mmemtoa wapi?"

Alikuwa ananijua kwa vitu viwili. Vyote vimebaki hospitali.

Festo akaniangalia kwa jicho la "nilikwambia". Sikulia. Nilikasirika. Nikapika ugali. Nikatupa kifuniko, nikagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ndoo nikaipiga teke ikavingirika mpaka uani. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mama alikuwa ametega sikio. Hakula.

Jumapili, 12 Juni
Nilifunga mzigo wangu asubuhi. Gari linapita barabarani mchana. Nikaosha vyombo kwanza, kwa fujo ileile ya jana. Mama akasema kutoka kitandani:

"Twilumba, sufuria hiyo ni ya bibi yako. Ukiitoboa utanieleza."

Nikasimama nayo mkononi, maji yananidondokea miguuni.

Akasema kelele za jana zilimnyima usingizi. Katika ukoo wetu anayegombana na vyombo ni mmoja tu, tangu mdogo. Akaniita nikae karibu. Akalitafuta kovu kwa vidole, akalipata, safari hii hakuutoa mkono. Akauliza kama linauma.

Nikagonga sufuria mara moja, taratibu.

"Pole, mwanangu," akasema.

Festo yuko kanisani. Gari limeshapita. Viazi viko motoni.