Launjini, Robo Saa kutoka Kwangu

Jumatatu, 19 Agosti 1996

Daftari jipya, kurasa themanini. Nimelinunua makusudi kwa safari hii — nikirudi nimsomee Joha ukurasa kwa ukurasa mpaka asinzie.

Leo nimeagwa. Nusu ya mtaa wetu wa Majengo ilikuwa uani kwangu. Kikundi chetu kimevaa sare, kanga za zambarau, na mimi nimekaa katikati kama bi harusi, bi harusi wa miaka hamsini na sita. Wamesoma dua, wamekula pilau. Wameniuliza mara kumi na mara kumi nimejibu. Ndiyo, Maskati. Ndiyo, kwa Sabiha, kifungua mimba wangu, nesi, anajifungua mtoto wake wa kwanza. Ndiyo, mkwe wangu Abdulnasiri kaleta tiketi ya daraja la kwanza, na tiketi hiyo hata hapa Dodoma inakupa launji — chumba cha kungojea ndege, friji yako, makochi yako.

Joha akauliza mbele za watu: "Shoga, kindege chenyewe cha viti kumi na tisa. Hilo daraja la kwanza liko wapi, juu ya bawa?" Wakacheka mpaka kanga zikawavuka. Joha anauza vitafunio stendi ya mabasi, mdomo wake umenolewa na makonda. Nikamjibu kwamba mabasi nimewaachia nyinyi. Nimesema kwa sauti. Wote wamesikia.

Ufunguo wa nyumba nimemwachia huyo huyo Joha, awape kuku maji.

Jumanne, 20 Agosti

Nimepitishwa chini ya msahafu mlangoni, mguu wa kulia mbele. Kwetu ukishapitishwa hivyo hurudi ndani mpaka ufike unakokwenda. Ukirudi njiani umerudi na mkosi, na mkosi wangu mimi ungemwangukia nani kama si yule mwenye mimba? Gari mbili zimenisindikiza uwanjani, vigelegele, halafu kila mtu kazini kwake.

Saa tatu nikagundua miwani imebaki juu ya kabati. Ndiyo maana naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwangu ni mwendo wa robo saa. Mnara wa msikiti wetu nauona hapa dirishani. Lakini sirudi.

Launji ni nzuri, nisiseme uongo. Makochi matatu ya bluu, feni, maua ya plastiki yasiyo na vumbi. Soda unajichukulia. Mhudumu ni Tereza, binti wa Kigogo anayekaa Nzuguni, shikamoo yake imetulia. Kaleta sambusa. Nyembamba, kavu, nyama ina bizari kamili. Nikamwambia sambusa hizi si za mji huu, hizi zinatoka Dar. Tereza akatazama chini akasema, "Kula, mama."

Saa nne simu ya mezani ikalia: Sabiha! Namba ya launji imeandikwa kwenye kitabu cha tiketi. Kasema atapiga kila siku saa nne mpaka niondoke. Nikamwambia nimekaa kwenye kochi kama mke wa balozi.

Saa tano akaja Swalihu, wakala wa shirika la ndege. Shirika lina ndege mbili, moja inatengenezwa. Safari zimepunguzwa, kutoka tatu kwa wiki hadi moja. "Jumamosi, mama yangu. Inshallah." Ndege ya kutoka Dar kwenda Maskati ni Jumatano na Jumapili. Ya kesho imenipita, ya Jumapili nitawahi.

Akasema kuna njia nyingine. Aniandikie karatasi, tiketi yangu ianzie Dar, daraja la kawaida, na mimi niende Dar kwa basi. Ila nikiondoka bila karatasi hiyo, tiketi yote imekufa.

Kwa basi. Pale stendi. Mbele ya meza ya Joha.

Nikamwambia nitangoja. Alipoondoka nikakaa nikiutazama mnara. Jioni Tereza alizima feni akaniuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Nikajifunga ushungi upya. Akabeba kikapu changu bila kuuliza tena. Nimelala kwao Nzuguni.

Jumatano, 21 Agosti

Ugali wa uwele na mlenda. Mama yake Tereza kanipa kitanda chake, yeye kalala chini kwenye ngozi, na ukimkataza anajifanya hajui Kiswahili. Asubuhi kanisalimu "mbukwa", nikamsimulia habari za daraja la kwanza. Akauliza kama wa daraja la kwanza hufika kabla ya wenzao. Nikamwambia hapana, wote hufika pamoja. Akasema, "Sasa?"

Njiani nilijifunika ushungi mpaka puani.

Launjini leo tulikuwa wawili. Mzee Bartolomayo wa Hombolo, mfanyabiashara wa mvinyo, naye ana tiketi kama yangu. Nikamkaribisha sambusa, nikamweleza zinavyotoka Dar. Akatafuna, akatazama uwanja mtupu. "Zimekuja na ndege ipi, mama?" Mzee mkorofi. Saa sita akamwita Swalihu, akaandikiwa karatasi yake, akabeba begi. "Mimi naenda kupanda basi. Wewe baki ulinde friji." Nilicheka. Alipotoka sikucheka.

Simu ya Sabiha. Nilimwambia usafiri umepungua kidogo, napumzika, nahudumiwa. Naye akasema mtoto amekaa vibaya, kichwa juu. Asipogeuka watampasua Jumanne. Nesi huyo, kashika wake za watu mamia wakati wa kuzaa, leo analia kama siku niliyompeleka darasa la kwanza. "Mama, utakuwepo?"

Nikasema kabla hawajakuchoma sindano ya usingizi utauona uso wangu.

Kichala cha zabibu nilizombebea kimeanza kulainika. Nimezitoa zilizolainika nimezila mwenyewe.

Alhamisi, 22 Agosti

Tangazo mlangoni. Bila miwani nikaona wino tu, nikaingia zangu na kukaa. Swalihu akanifuata, maskini, jasho linamtoka. "Mama yangu, ndivyo ilivyoandikwa. Kwa kuwa safari zimepungua, launji ni ya abiria wanaosafiri siku hiyohiyo. Wewe ni wa Jumamosi." Nikamwonyesha tiketi. Akasema anaijua. Nikamwonyesha tena.

Nimewekwa kwenye benchi la nje, juani, na kikapu. Na saa nne inakuja.

Tereza akatoka na ndoo na kitambaa. Akasema polepole, "Mama, Swalihu hakatazi wafagiaji." Nikamwelewa. Mimi, mama wa nesi wa Maskati, nimeingia launji na kitambaa mkononi, nafuta maua ya plastiki jani moja moja, nikiingojea simu. Bwana mmoja wa ofisi akapita, akaniambia, "Na hapo chini ya meza, mama." Nikapiga magoti nikafuta.

Ikalia. Sabiha akauliza, "Mama, uko kwenye kochi?"

Nikasema nipo.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimeisikia adhana ya msikiti wetu nikiwa na ndoo mkononi. Saa hizi Joha na wenzake wanachambua mchele, wananitaja: yule yuko Maskati sasa, anakula tende.

Asubuhi nilimuuliza Swalihu, Jumamosi ni kweli? "Labda, mama yangu. Wanasema labda Jumatatu." Nikahesabu kwa vidole. Ikija Jumatatu, Jumapili imenipita. Baada ya Jumapili ni Jumatano. Jumanne wanampasua.

Saa nne. Hakuwa Sabiha, alikuwa Abdulnasiri. Mkwe wangu ni mtu wa maneno mengi, leo alikuwa na machache. Sabiha amelazwa. Hawangoji Jumanne, ni Jumatatu asubuhi. "Anamuuliza mama tu. Nimwambie nini?"

Kitambaa kilikuwa bado mkononi. Nikakikamua, maji hayakuwemo.

Nikamwambia nipo njiani. Nimekata simu nimemwita Swalihu. "Ile karatasi." Kaandika, Tereza kanisomea kila mstari kwa kuwa sioni: daraja la kawaida, kuanzia Dar, Jumapili, abiria amekubali kwa hiari yake. Hapo kwenye hiari nikamwambia arudie. Akarudia. Nikatia sahihi yangu, kubwa, imetoka nje ya mstari.

Siku nne nimewaacha waniite abiria. Siku nne, mtoto kichwa juu. Karatasi hii niliahidiwa Jumanne. Jumanne! Ningekuwa Dar nimeshalala siku tatu.

Tereza nimemwomba kitu kimoja: kesho saa nne apokee yeye ile simu. Aseme mama yako yuko kwenye basi.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika ndani ya basi, limesimama. Herufi zimepungua ukubwa, najua. Nitafika hapo.

Nimefika stendi saa moja na nusu, ushungi mpaka puani. Nilipanga nipite nyuma ya vibanda. Sauti ikanishika mgongoni: "Shoga, umechelewa. Kiti cha dirishani nimekushikia tangu saa kumi na mbili."

Joha. Amesimama na sinia lake, hacheki. Ningependa acheke.

Nikasema, "Umejuaje?"

"Sahani ya launji ilikuwa moja kwa siku," akasema. "Jumanne Tereza akaja kuomba ya pili. Kuna mama amekwama, anazisifu sambusa kwamba zinatoka Dar. Nikajua. Nani mwingine mji huu ana mdomo huo? Jana kaniambia unapanda basi la leo."

"Siku zote hizo, Joha? Na usije?"

"Ningekuja ungepasuka. Nimekukaangia tu." Akanifungulia pochi yake. "Na kuku wako ni wasumbufu."

Ndani kulikuwa na miwani yangu. Aliiona juu ya kabati alipokwenda kuwapa kuku maji. Ameifuta. Akanivalisha mwenyewe, kulia, kushoto, kama anayemvisha mtoto, makonda wote wakitazama. Nikaona uso wake vizuri. Amezeeka kidogo, na mimi sikuwa nimeona.

Nikamwambia wampasua Sabiha Jumatatu. Akanifungia sambusa kumi, zile zile za launji, akampigia konda kelele kwamba huyu mama akishushwa popote kabla ya Dar, yeye Joha atamfuata mpaka kwao Singida.

Tumeondoka saa tatu. Tumefika Ihumwa tu, mkanda wa feni umekatika. Abiria wameshuka, wamekaa kwenye kivuli cha basi. Dereva kasema nusu saa. Kasema hivyo nusu saa iliyopita.

Sasa hivi ndege imepita juu yetu, chini chini, inakwenda kutua mjini. Nyeupe, mkia wa kijani. Kwa miwani naisoma mpaka namba. Ni ile. Kumbe labda yao ilikuwa leo. Mama mmoja jirani akaipungia mkono. Nikamwambia ile ni ndege yangu. Akanitazama, akakitazama kikapu, akasema, "Ya kwetu sote, dada."

Saa yangu inasema saa nne kasoro dakika mbili. Launjini simu inataka kulia. Tereza keshaweka sahani ya sambusa kwa abiria wa leo. Natumaini atakumbuka kusema basi. Asinipambe.

Konda yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nimevua ushungi, nimempelekea sambusa mbili huko huko chini. Mkono umetoka, umezichukua, umerudi ndani.