Kaniki Uliyokabidhiwa Uichome

Kijiji cha Kasokola,
Mpanda, Mkoa wa Rukwa.
Tarehe 11 Oktoba 1979

Mpendwa shemeji Thadei,

Nakusalimu wewe na mke wako Imakulata. Habari za Morogoro, habari za shule, na lile tumbo lililokusumbua ulipokuwa huku limetulia? Nauliza kwa sababu barua huanza hivyo, na kwa sababu mama yenu alinipokea hapa nikiwa na adabu zangu na sijaziacha.

Sisi ni wazima. Hilaria ameota meno mawili ya mbele na yuko darasa la pili. Mvua bado, mahindi yanaelekea mwisho, na duka la kijiji halijaona sabuni tangu Agosti. Kwa habari njema ni hizo tu.

Sasa nije kwenye kilichonishikisha kalamu. Barua yako kwa wazee ilifika Jumamosi. Mzee Anselmo, baba yenu mdogo, aliita ukoo wote ikasomwa kwa sauti, mara mbili. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango, na sijasahau hata neno moja. Uliandika: "Kaniki niliichoma yote. Kama kuna kipande kilichobaki, shemeji alikichopoa motoni nikiwa nimegeuka."

Shemeji, ulikuwa umegeukia wapi?

Nikukumbushe, maana huenda mambo ya Morogoro ni mengi. Siku ya kumaliza msiba wa kaka yako Leodgar, wifi Pelagia alikuwa Inyonga anamuuguza mkwewe. Kwenu kaniki ya mjane huchomwa na ndugu wa marehemu, mjane mwenyewe haugusi moto. Dada yenu hayupo, wakakukabidhi wewe. Nikaivua ile nguo nyeusi niliyoivaa mwaka mzima, nikakupa imekunjwa, tukaenda ua wa nyuma.

Pale uani nilikuwa nimeacha vifungo viwili vya koti kuukuu, navifunika kwa kitambaa cha gauni lililochakaa ili nimtengenezee Hilaria hereni. Ukaviokota ukavigeuzageuza. Ukacheka. Ukaniambia, "Shemeji, kitambaa ni kitambaa. Nchi nzima haina nguo, halafu nyie mnachoma nguo nzima kama hii?"

Nilikataa, Thadei. Nilikataa mara mbili, nikakuambia wifi hatanielewa. Ukasema hayo ni mambo ya zamani na kwamba wifi utaongea naye mwenyewe. Ukachukua mkasi wangu, ukakata pindo la chini, ukalitia motoni pamoja na majani mabichi ili moshi uonekane hadi barabarani. Halafu ukaweka kifuniko cha kopo la mafuta ya mgando juu ya kaniki, ukazungusha chaki, ukakata duara la kwanza kwa mkono wako. Ulipoondoka ulikuwa na hereni za Imakulata kwenye mfuko wa shati, na wazee uliwaambia kazi imekwisha.

Sikatai kwamba kazi ile niliipenda. Unakata duara lenye upana mara mbili ya kifungo, unapitisha uzi kuzunguka ukingo, unakiweka kifungo katikati na kuvuta mpaka kitambaa kinafunga mdomo kwa nyuma. Kabla ya kuvuta nilikuwa nadarizi ua dogo jeupe, na juu ya ule weusi lilipendeza mno. Vifungo viliponiishia nilivunja kibuyu, nikasugua vipande vyake kwenye jiwe mpaka vikawa mviringo. Kulabu za hereni nilizikunja kwa waya wa shaba. Mpira wa ndani wa baiskeli niliukata mikanda, nikauvisha kitambaa, nikashonea kifungo kimoja juu, ukawa wa kufungia nywele. Mikufu nilitunga vifungo tisa tisa, kikubwa katikati. Wasichana wakaanza kuja, wengine kutoka Mpanda mjini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifiwe watu kuja nyumbani kwangu bila kunipa pole.

Kosa langu nalijua na silifichi. Hakuna aliyeniuliza kitambaa kimetoka wapi, nami sikusema.

Mwezi wa saba aliolewa Kalista, binti wa jirani yetu, yule mwimbaji wa kwaya. Alivaa vyote, hereni, mkufu na cha nywele, na wanawake kanisani waligeuka nyuma kumwangalia. Mwezi wa tisa mimba yake ikatoka. Wifi Pelagia alikwenda kumpa pole, akaushika ule mkufu akiusifia, akakigeuza kifungo cha katikati. Nyuma yake pana uzi wa kahawia. Siku za matanga cheche iliitoboa kaniki yangu, na ni yeye wifi aliyeliziba lile tundu kwa uzi wa kahawia kwa sababu mweusi haukuwepo. Mtu hasahau mshono wake.

Alikuja kwangu na kifungo kile mkononi. Hakufoka. Aliniuliza tu kwa nini nimemvika mtoto wa watu msiba wetu.

Kesho yake wasichana walivileta vyao kwenye ungo na kuvimwaga mlangoni kwangu. Nilikwenda kumwona Kalista, mama yake akanizuia uani. Watoto wa jirani wamekatazwa kucheza na Hilaria. Mganga wa zahanati amesema mimba za kwanza hutoka mara nyingi na kitambaa hakina kosa, lakini nani anamsikiliza? Hata mimi simsikilizi vizuri. Siku hizi nikishika sindano mkono unasita, na zamani haukuwa hivyo.

Wazee waliponihoji nilisema ukweli. Niliwaambia, "Mwulizeni Thadei." Nilisema bila woga, kwa sababu nilikujua. Wewe ndiye uliyenibebea maji wiki ya mazishi wakati wanaume wengine wamekaa. Nilijua utajibu kwa mistari miwili tu na mambo yataisha. Nikakusubiri wiki tatu, nikiwaambia wote wanaonipita kisimani kwamba jibu liko njiani.

Jibu likaja, na Mzee Anselmo ametoa uamuzi. Jumapili hii baada ya misa nisimame mbele ya ukoo, nikiri kwamba niliiba kaniki motoni, niombe radhi, nibaki kwenye nyumba ya mume wangu. Nikiendelea kukutaja wewe, nitakuwa nimemwita mtoto wao mwongo, basi nirudi kwa wazazi wangu Sibwesa kabla ya mvua. Nirudi peke yangu. Hilaria ni wa ukoo wenu, atabaki kwa wifi.

Wameniuliza ni nani mwingine bado ana vitu vya kaniki ile. Sikumtaja Imakulata. Yeye hajanikosea, na sitaki aanze kuogopa masikio yake mwenyewe.

Usidhani nakuandikia uje. Ungeweza kuja kabla hujaandika. Sasa umeshaandika, na hapa kijijini neno la mwalimu ni neno. Nina hasira na wewe, Thadei, hasira ambayo sikuwa nayo hata kwa kifo. Lakini mtoto sitamwacha. Jumapili nitasimama, nitasema nilichopoa motoni, na nitasema kwa sauti kama walivyoisoma ya kwako.

Kuna jambo moja tu hukulifikiria. Siku ile Hilaria alikuwa ameketi juu ya kinu anasubiri hereni zake. Aliona yote. Jumamosi barua ilipokuwa inasomwa alininong'oneza, "Mama, si baba mdogo Thadei ndiye aliyekata?" Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Tangu siku hiyo namfundisha. Tukitoka kisimani namuuliza, "Uliona nini?" Naye anatakiwa ajibu, "Sikuona kitu." Siku ya kwanza alilia, akaniambia padre alisema uongo ni dhambi. Siku ya pili alinyamaza tu. Leo amejibu mara moja, bila kulia, huku ananiangalia usoni. Shemeji, alifanana na wewe.

Nisalimie Imakulata, na haya usimwambie. Mzee Anselmo anakusalimu, wifi Pelagia anakusalimu, wote wanakusifu kwa barua yako nzuri. Mungu awajalie watoto wengi, na wasije wakakuuliza kitu.

Wako niliyekupenda kama mdogo wangu wa tumbo moja,
Eufrazia, mke wa kaka yako