Namba ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Meneja kaamka na lake. Anataka seva ya jengo la zamani na ya jengo jipya zitumie mafaili kwa pamoja, watu waache kutembea na flashi mfukoni. Kazi ya siku mbili, anasema. Mbili! Angekuwepo Kipara ningeamini. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na seva ya zamani aliijenga kwa mikono yake. Huu mwezi wa nne tangu tumzike. Kiti chake nimekisogeza ukutani. Sikikalii.

Jumatano, 5 Machi

Seva zimeonana! Nimehifadhi faili la majaribio huku jengo jipya, likatokea kule la zamani papo hapo. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu.

Furaha haikukaa. Kule, pembeni ya faili, panapoandikwa jina la mwenye nalo — jina la Kipara. Tarehe ya leo!

Nikalifungua upya, jina lilelile. Halafu nikaelewa. Seva hizi hazimtambui mtu kwa jina, zinamtambua kwa namba yake ya mtumiaji. Namba yangu kwenye seva mpya ndiyo ileile aliyokuwa nayo yeye kwenye ya zamani. Uzembe wangu, sikukagua. Nikihifadhi chochote, kule kinasomeka ni chake. Dawa ni kujibadilishia namba. Kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Sikuwahi. Simu kutoka masjala, jengo la zamani. Shemeji — mke wa Kipara. Kaona jina la mumewe kwenye faili la jana. Anauliza nani anamchezea.

Nikaenda mbio, nikamweleza mambo ya namba. Akasikiliza mpaka mwisho, kidole kimegusa lile jina kwenye skrini.

"Kwa hiyo ukiandika wewe, anaandika yeye."

Nikasema ndiyo, ila narekebisha leo leo.

"Una haraka gani, shemeji?"

Sijarekebisha.

Jumatatu, 10 Machi

Mjinga mimi. Kila asubuhi, hata chai sijanywa, nahifadhi faili tupu ili jina la Kipara litokee kule. Shemeji haulizi, mimi sisemi. Wenzake wa masjala wanasema siku hizi anakula. Kasuka hata nywele.

Kipara angenitukana. Fundi haachi kosa lilale, ndivyo alivyozoea kusema. Nimemkumbuka sana leo.

Jumatano, 12 Machi

Meneja kaliona lile jina. Jumatatu wanakuja wakaguzi, na anasema hana maelezo ya kuwapa, iweje marehemu anachapa kazi kila siku na wazima wanasinzia. Akacheka mwenyewe. Mwisho Ijumaa, la sivyo niandike barua ya kujieleza. Ana haki, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikampitia Shemeji, nikamwambia. Hakulia. Alikuwa anapanga majalada, akaendelea kupanga.

"Kama ni lazima, ni lazima. Ila usiniambie siku."

Ijumaa, 14 Machi

Leo sikuhifadhi faili tupu. Nimeshaandika amri ya kubadili namba, bado kubonyeza tu. Mara mlango — Shemeji! Hajakanyaga chumba hiki tangu msiba. Kashika chupa ya chai na vikombe viwili. Akakivuta kile kiti cha ukutani, akakaa.

"Leo kachelewa," akasema. "Bado hajaandika kitu."

Nikajikuta namjibu: labda foleni.

Akacheka. Kidogo, lakini kacheka!

Bado amekaa. Naandika humu ili nionekane nina shughuli. Amri ipo kwenye skrini, inanisubiri. Ujumbe wa meneja umeingia sasa hivi: vipi, tayari? Sijamjibu. Chai yangu inapoa. Shemeji anapuliza ya kwake polepole, anatazama saa ya ukutani, kisha mlango, kama anamngoja mtu.