Kambare Niliyemtilia Chumvi

Mpendwa mama,

Ungekuwa hai, leo ningekuja mbio hadi jikoni kwako, hata viatu nisivue. Kwa kuwa hupo, nakuandikia.

Unamkumbuka yule kambare? Nilikuwa na miaka saba. Nilimnasa kwa kanga yako kwenye kijito cha bondeni, hapa Wawi, nikamleta nyumbani ndani ya beseni. Baba alikuwa mvuvi wa Kojani, na samaki wote walioingia nyumbani kwetu walitoka baharini. Basi nikamhurumia mgeni wangu mwenye ndevu, nikamtilia viganja viwili vya chumvi ili ajione yuko kwao. Muda si muda akageuka tumbo juu.

Ukaja, ukaonja maji kwa kidole. "Ushamkoleza chumvi, sasa wangoja nini, nazi?" Ukajitwika beseni, ukanikataza kukufuata, ukateremka bondeni. Ulirudi umerowa. "Nyamaza mwanangu. Kenda zake mzima. Hata kanchapa nkia," ukanionyesha mkono aliokupiga kwa mkia wake.

Sikukuamini, mama. Niliona umesema hivyo ili ninyamaze tu. Hata ulipokuwa kitandani mgonjwa nilikuuliza tena, ukacheka. "Kitunze kijito, utanwona."

Mwaka jana ulipoondoka, kijito kikakauka. Majirani wakataka bonde lifukiwe, pajengwe. Nikakataa. Bi Asha, shoga yako, akaacha kuniitikia salamu. Nikapanda migomba na mifenesi kandokando ya chemchemi ya kijito ili ihifadhi maji, lakini moyoni niliogopa sana kwamba nimegombana na watu kwa ajili ya tope tupu.

Masika haya maji yamerudi. Asubuhi nimekwenda kuteka, nikaona ndevu zinachezacheza chini ya jiwe. Kambare mkubwa mweusi, na wadogo kama wanne pembeni yake! Kumbe walijifukia topeni wakingoja mvua. Nimemwita Bi Asha. Ameinama, ametazama weee, kisha akanishika bega. "Basi, mwanangu. Waache wakae kwao."

Najua huyu si yule wangu. Huenda ni mjukuu wake, huenda hawajuani kabisa. Nimefurahi hivyo hivyo, mama, furaha ambayo sijaipata tangu tukuzike.

Bi Asha alipoondoka nikaingiza mkono majini, polepole, nikamgusa mgongo.

Kanchapa nkia.

Pumzika kwa amani, mama.

Mwanao, niliyechelewa kukuamini